Mjadala: Chati ya blackjack iwekwe wazi mezani, tena kwa Kiswahili

Wakuu, salaam.

Naileta hoja hii nikiwa mtu niliyesimama upande wa pili wa meza. Niligawa karata kwenye kasino moja hapa Dar es Salaam kwa miaka sita kabla ya kuacha kazi hiyo. Hoja yangu ni kwamba kasino yenye meza ya blackjack ilazimishwe kuweka mezani chati ya mkakati wa msingi, kwa Kiswahili, na iwe inalingana na kanuni za meza hiyo hiyo. Najua wengi mtapinga. Pingeni, ila nisikilizeni kwanza.

Kwa asiyeujua, blackjack ni mchezo wa karata ambao kila mchezaji anashindana na mgawaji kuikaribia 21 bila kuipita. Chati yenyewe ni kadi ndogo inayoenea kiganjani. Juu zimepangwa karata ambazo mgawaji anaweza kuwa ameonyesha, kuanzia 2 hadi ree. Pembeni kuna jumla ya karata zako. Unashuka na safu, unafuata mstari, na pale vinapokutana unakuta jibu: omba karata, baki na ulizonazo, dabo dau (uliongeze mara mbili kwa karata moja tu zaidi), au tenganisha karata pacha (ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake). Una 12 na mgawaji ana 6? Baki, kwa sababu mgawaji mwenye 6 hupitiliza 21 kama mara 42 katika 100. Una 12 na yeye ana 3? Omba. Nane mbili dhidi ya 6, tenganisha. Kumi mbili usiziguse kamwe.

Sasa niwasimulie usiku mmoja ambao haujanitoka. Kiti cha mwisho alikaa kijana fundi gari, kucha zake bado zina grisi, na chati ameibana chini ya chipu zake. Mimi nimeonyesha 3, yeye ana 12. Akaitazama chati, akagonga meza kuomba. Nikampa kumi, akafika 22, akatoka. Ikawa zamu yangu: nikavuta 8, nikavuta kumi nyingine, 21. Meza nzima ikapoteza. Mzee mmoja akamgeukia: "Kijana, umetuharibia! Hiyo kumi ilikuwa ya mgawaji!" Wengine wakadakia. Kijana akasema, "Samahani, mzee wangu," akaitia chati mfukoni. Kuanzia hapo akawa anacheza kwa kuangalia nyuso za watu, mpaka fedha yake ikaisha.

Hebu ihesabuni wenyewe. Kama kijana asingeomba, kumi ile ingekuja kwangu: 3 na 10 ni 13. Karata iliyofuata ilikuwa 8. Bado ningefika 21! Hakuna aliyehesabu isipokuwa mimi, na mimi kazini sikuruhusiwa kumshauri mchezaji. Nilikusanya chipu zao nikiwa nimenyamaza. Ukimya ule ndio unaonifanya niandike leo.

Nakuja kwenye madai kwamba kutumia chati ni wizi. Kwenye meza yetu msimamizi aliwahi kumwambia mteja aifiche chati "ili asisumbue wenzake", na watu wakaondoka wakiamini jamaa amekamatwa akiiba. Si kweli hata kidogo. Chati haikuonyeshi karata iliyofichwa wala haikuambii inayofuata. Ni hesabu ya uwezekano iliyofanywa mapema na kuandikwa. Walioifanya kwa ukamilifu na kuichapisha wa kwanza walikuwa wanajeshi wanne wa Marekani waliokuwa Aberdeen, Maryland: Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Walitumia vikokotoo vya mezani tu, na mwaka 1956 kazi yao ikatoka kwenye jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Leo chati hizi zinauzwa hadi kwenye maduka ya zawadi ya kasino za Las Vegas. Kule Nevada kinachokatazwa, tangu 1985, ni vifaa vya kukokotolea mchezo, yaani mashine. Kukariri karata zilizotoka na kupandisha dau kwa hesabu hiyo, jambo ambalo Edward Thorp alilitangaza kwa kitabu chake cha 1962, ni mchezo mwingine kabisa, na huo ndio wenye kasino wanauogopa.

Kwa nini hawaiogopi chati? Kwa sababu hata ukiifuata bila kosa, kasino bado inakula. Meza yenye kanuni nzuri inabaki na faida ya karibu nusu asilimia ya kila dau. Anayecheza kwa hisia anaiachia kiasi cha asilimia 2, na wengine zaidi. Chukua dau la shilingi 10,000, mikono 60 kwa saa. Hiyo ni 600,000 inayopita mezani. Mwenye chati atarajie kupoteza kama 3,000 kwa saa, mwenye hisia kama 12,000. Ni wastani, maana usiku mmoja unaweza kukupandisha au kukushusha mbali sana na hapo. Lakini tofauti hiyo ya 9,000 mchezaji anailipa kwa kutojua tu, na mwenye meza anajua kwamba hajui.

Angalieni na "bima". Mgawaji akionyesha ree, anawauliza wachezaji kama wanataka bima, nusu ya dau, inayolipa mbili kwa moja endapo karata yake ya pili ni ya kumi, yaani 10 yenyewe au yenye picha. Neno lenyewe tamu. Niliwaona mama zangu na baba zangu wakinunua bima kila mara, wakiamini wanajilinda. Kwenye pakiti sita za karata, ukiiondoa ile ree, zimebaki 311, na za kumi ni 96 tu. Weka bima ya 5,000 mara 311: utashinda 960,000 na kupoteza 1,075,000. Ni hasara ya zaidi ya shilingi 7 katika kila 100. Chati inalimaliza jambo hili kwa neno moja: usinunue.

Ila hapa nawageukia na wenzangu mnaoiunga mkono chati. Mnapakua ya Las Vegas mtandaoni mnakuja nayo mezani kwetu. Kule mgawaji huchukua karata mbili na kuchungulia kama ana blackjack, yaani ree na karata ya kumi, kabla hamjaongeza fedha. Mezani kwangu, kama ilivyo Ulaya, mgawaji alikuwa na karata moja tu mpaka wachezaji wote wamalize. Chati ya Las Vegas inakwambia udabo 11 dhidi ya 10, na utenganishe nane mbili dhidi ya 10. Mezani kwangu ukifanya hivyo, nikivuta ree nakomba dau lako la kwanza pamoja na ulichoongeza. Hapo jibu sahihi ni kuomba karata tu. Mtu anafuata karatasi kwa uaminifu na inampoteza! Ndiyo maana nasema chati itolewe na meza yenyewe, pamoja na malipo yake. Dau la 10,000 kwa blackjack ya tatu kwa mbili linakupa 15,000. Kwa sita kwa tano linakupa 12,000. Badiliko hilo peke yake linaiongezea kasino karibu asilimia 1.4, na hakuna chati inayoweza kulifuta.

Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa Sheria ya 2003. Kama inaweza kukagua mashine, inaweza kudai kadi moja ya karatasi kwenye meza.

*

Nyongeza, baada ya kuwasoma.

Wapo waliosema kamari ni haramu na mtu asifundishwe namna ya kuicheza. Aya ya 90 ya Al-Maida naijua, na anayekaa mbali na meza kwa imani yake sina neno naye, amefanya vyema kuliko wote. Mimi nazungumzia aliyekwisha kaa. Huyo hatoki kwa kufichwa hesabu.

Mmoja amesema chati itachelewesha mchezo. Sekunde tatu za kutazama kadi. Mchezaji akichelewa anapoteza pole pole, na mimi naona hilo ni heri kwake.

Lakini kuna dada amenifanya nilale macho wazi. Anasema kaka yake alipopata chati aliacha kuwa mwoga, akajiona mtaalamu, na badala ya saa moja akawa anakaa mezani usiku kucha. Nimepiga hesabu yangu mwenyewe upya: 3,000 mara saa nne ni 12,000. Yaani mwenye chati akikaa saa nne anapoteza sawasawa na asiye nayo aliyekaa saa moja, na akikaa usiku kucha anampita. Dada yangu, una haki. Nilikuwa nimeiangalia chati kama mgawaji, kwa mkono mmoja mmoja, na sikuiangalia kwa macho ya mtu anayengoja nyumbani. Wala simlaumu kaka yako, kwa sababu karatasi yenye rangi na majibu yaliyonyooka inampa mtu hisia kwamba anatawala kitu. Mfano una 16 dhidi ya 10: jibu la chati ni omba, na ni sahihi, lakini uombe usiombe unapoteza kwa wastani zaidi ya nusu ya dau. Chati haisemi hivyo. Inasema tu "omba", kana kwamba kuna ushindi unangoja.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu, sifuti. Chati iwekwe, na chini yake, kwa maandishi makubwa kama ya juu, uandikwe mstari huu: "Ukiifuata chati hii bila kukosea, kwa dau la shilingi 10,000 na mikono 60 kwa saa, tarajia kupoteza shilingi 3,000 kila saa unayokaa hapa." Kiasi kibadilike kulingana na kanuni za meza, na kikokotolewe na Bodi, mwenye kasino asikiguse.

Dada, nakuomba urudi uniambie kama mstari huo ungemsimamisha kaka yako. Na nyinyi mliowahi kugawa karata, semeni kama mezani kwenu ungekubaliwa.