Naomba ushauri: usukani wa boti unatetemeka na slaiding modi yangu

Jamani salama? Niko Lamu, nimefunga mota ya DC kwenye usukani wa boti ya mjomba ili ishike njia yenyewe tukivuka kwenda Manda, nikachagua slaiding modi (udhibiti unaousukuma mfumo hadi kwenye mstari uliopangwa na kuubakiza hapo) kwa sababu kusi na mkondo wa maji havina mwenyewe. Hesabu nilifanya kama vile muda hauna vipande, halafu nikaitia vivyo hivyo kwenye Arduino (kompyuta ndogo ya kudhibiti) inayosoma enkoda (kihisi cha nafasi ya usukani) kila milisekunde 50. Weee! Giya zinalia kama cherehani, mjomba ananiangalia tu.

Kosa naliona kiasi, kati ya sampuli mbili amri haibadiliki kwa hivyo mfumo unapita ule mstari kabla sijaurudisha, unabaki kurukaruka huku na huku. Nikahamia sheria ya Gao na wenzake ya 1995, ile s(k+1) = (1 − qT)s(k) − εT·sgn(s(k)), qT chini ya 1; s ni umbali kutoka kwenye mstari, k namba ya sampuli, T muda kati ya sampuli, sgn alama ya s (+ au −), q na ε ni namba chanya ninazochagua mwenyewe. Nikipunguza ε unatulia lakini kusi ikisukuma boti inakwenda upande, nikiiongeza cherehani imerudi.

Sasa nikadirie usumbufu kwa ule wa sampuli iliyopita, yaani s niliyoipata toa s niliyoitarajia, niuondoe kwenye amri, ama nishushe T hadi milisekunde 10 kwanza? Naogopa, enkoda ni ya bei rahisi na kasi naipata kwa kutoa nafasi mbili, T ikiwa ndogo namba zinaruka ovyo. Aliyeijaribu kwenye chombo cha kweli, si simulesheni tu, anisaidie.