Vyuo vya afya Kigoma na Tabora: Zoom siyo wodi, acheni kusaini uongo

Wakuu, salaam.

Machi 2020 korona ilipofunga vyuo, kila mtu alishikwa pabaya, na mpaka vinafunguliwa 1 Juni hakuna aliyedaiwa miujiza. Lakini Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza na kuua, imeshapiga Kagera mara mbili, 2023 na 2025, hapo hapo jirani na Kigoma, na ukiuliza vyuo vya utabibu na uuguzi wamejipangaje vikifungwa tena, jibu ni lilelile: "Tutaingia Zoom."

Kwa bando la nani? Video ya kikundi inakula MB 500 hadi zaidi ya GB 1 kwa saa. Mwanafunzi aliyerudi kwao Kakonko au Sikonge ataambulia kiduara kinachozunguka. Mhadhara huohuo ukirekodiwa sauti tupu, mono (chaneli moja), kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima haifiki MB 15. Slaidi zigeuzwe PDF, picha zipunguzwe uzito, vitumwe WhatsApp usiku, kesho yake mkutane nusu saa kwa maswali tu. Hawataki, eti haionekani ya kisasa.

Kituko ni somo la sauti za moyo. Sauti hizo nyingi ziko chini ya hezi 200, na spika ya simu huko chini haina kitu. Juu yake Zoom ina kichujio cha kelele: inaudhani moyo ni feni, inaufuta. Darasa zima linaitikia "tumesikia mkufunzi" na hakuna aliyesikia. Tumeni faili lenyewe, lisikilizwe kwa hedifoni nzuri.

Kinachofundishika kwa mbali ndicho wanachokiruka. Partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ile inayoanzia mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sm 4: tuma fomu tupu na takwimu. Mama ana sm 4 saa 2 asubuhi, saa 6 mchana ana sm 5. Achore, apige picha, arudishe. Asiyeona kwamba mama ameshavuka mstari wa tahadhari (unaopanda sm 1 kwa saa) na amebakiza saa moja kufika mstari wa hatua (ulio saa 4 mbele yake), arudie. Dripu vilevile: lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Hapo intaneti ya kasi ya nini?

Sasa ya mikono. Kumpumulisha kichanga kwa ambu (mfuko wa kukamua hewa kwa mkono) ni pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, na kosa la kila siku ni barakoa kuvujisha hewa shavuni, kifua hakipandi. Mkanda mdogo wa presha kwenye mkono mnene unapandisha namba kwa uongo. Ukishusha hewa ya mkanda haraka kuliko mmHg (kipimo cha presha) 2 hadi 3 kwa sekunde, mlio wa kwanza kwenye stetoskopu unakupita na presha ya juu unaiandika pungufu. Haya yanataka mdoli, mgonjwa na mtu wa kukusahihisha pembeni.

Halafu logibuku, daftari la kuthibitisha mazoezi ya mwanafunzi, inasainiwa kwamba saa za wodi zimetimia! Zimetimia wapi, sebuleni? Mwanafunzi huyo ndiye atakayepangwa zahanati akiwa peke yake zamu ya usiku.

Wodi iliyokosekana ifidiwe wiki kwa wiki, vikundi vidogo, na saini isubiri. Hospitali za mikoa zikijaa, Kasulu, Kibondo, Nzega na Urambo kote wanazalisha usiku na mchana.

Kama kuna mkufunzi humu ambaye chuo chake kina mpango wa maandishi, auweke hapa tuuchambue.