Mzungu wa kujitolea kanibandika stika ya nyota mbele ya darasa la nne. Mimi! Mwalimu wa Kiingereza!

Wakuu, leo sisalimii. Nimefika Ipagala sasa hivi, viatu sijavua, vumbi bado liko kooni, na mkono ninaoandikia ndio huo huo wenye nyota.

Mnamjua. Dodoma nzima mnamjua, msijifanye. Yule anayekatiza Nyerere Square peku, kana kwamba Serikali ilipohamia huku ilikuja na amri ya kung'oa mbigili. Yule anayemwambia bibi wa miaka themanini "mambo vipi" na bibi anacheka mpaka anakaa chini. Mimi nikisahau shikamoo mara moja, kikao cha ukoo.

Basi kaletwa shuleni kwetu, shule ya mchepuo wa Kiingereza ambayo siitaji. Miezi mitatu ya kujitolea. Ana miaka 19. Ana cheti cha kufundisha Kiingereza, cha intaneti, cha saa 120. Mimi nimekaa chuo cha ualimu, BTP, yale mazoezi ya kufundisha, nimefanyia Kongwa nikila mlenda mchana na usiku, chaki nimeivuta miaka tisa, mapafu yangu ukiyapasua unaweza kuandikia ubaoni.

Leo kipindi cha tatu nafundisha mboga. Nikasema "vejitebo". Mkono ukanyooka nyuma ya darasa. Nikadhani mtoto anaomba kwenda chooni, kumbe ni yeye. Akaja mbele, na kwa ile sauti ya kumbembeleza mbuzi asiruke uzio, akaniomba nikae na watoto ili "tujifunze wote". Vej-t'-bol. Tukaitikia. Mimi na watoto arobaini. Vej-t'-bol. Kisha akatoa stika ya nyota, ya dhahabu, akanibandika mkononi. "Gudi jobu, ticha!"

Wakanipigia makofi! Mpaka yule wa dawati la mbele ambaye tarehe tu humshinda kuandika, kanipigia makofi huku akiniangalia kwa huruma.

Na Kiingereza si lugha yake! Katoka Ujerumani! Juzi mtoto kamwuliza tofauti ya "he went" na "he has gone", akajibu eti mtazoea kwa kusikia. Mimi hata uniamshe usiku wa manane nakueleza: ya kwanza kaenda, yamepita. Ya pili kaondoka na mpaka sasa hajarudi, kama mshahara wangu wa mwezi uliopita.

Mkuu wa shule alikuwa mlangoni anatabasamu. Lazima atabasamu, mzazi akiona Mzungu getini haulizi ada. Kwenye bango la shule yumo yeye, mimi nimo kiwiko tu.

Nimesugua kwa sabuni ya kipande, haitoki. Gundi ya kwao sijui wanagundishia ndege. NYOTA, jamani.

Zabibu Chachu: Pole sana mleta mada. Swali moja tu. Ulikaa?

Mleta mada: Nilikaa kwa heshima.

Dereva wa Nzuguni: ALIKAAAA 😂😂😂

Punje ya Mtama: Weka picha ya nyota. Bila picha huu ni umbea.

Mzee wa Mpwapwa: Mbukwenyi. Mwanangu, nimestaafu ualimu, niseme ukweli. Neno hilo linasomwa kwa silabi tatu, ile e ya pili inamezwa. Ni kama Jumatano yao, kuna d imeandikwa lakini haisomwi. Kijana kakusahihisha kwa haki. Kukukalisha na watoto, hapo kakosa adabu.

Mleta mada: Shikamoo mzee. Wanaijeria wana Kiingereza chao, Wahindi wana chao, hakuna anayewakalisha kwenye dawati la darasa la nne. Changu ndio kipewe nyota?

Kibatari: Kimepewa nyota kwa sababu kimefaulu. Hongera.

Chaki Butu: Saa 120 ni siku tano, usiku na mchana. Yai la kuku linaatamiwa siku 21. Kwa hiyo kwao mwalimu anaanguliwa kabla ya kifaranga.

Dereva wa Nzuguni: Hebu geuza sasa, sisi ndio twende kwao. Korea Kusini viza ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida wanatoa kwa raia wa nchi 7, na Afrika nzima imo moja tu, Afrika Kusini. Binamu yangu ana shahada, waliomba kuona pasipoti kabla ya cheti, mazungumzo yakaishia hapo.

Chaki Butu: Basi hata Mjerumani wake kule hawamtaki.

Dereva wa Nzuguni: Ndiyo maana yuko Ipagala.

Mleta mada: Mimi ndiye niko Ipagala, yeye kapangishiwa Area D. Na nyota bado ninayo.

Punje ya Mtama: Mnamwonea kijana wa watu. Shule zetu za mchepuo ndizo zenye wazimu. 7 Julai tunavaa vitenge kusherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 8 mtoto wangu anarudi na kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Alisema nini? "Naomba maji."

Zabibu Chachu: Heri yake ana wa kumwomba. Huku Nkuhungu bomba likikohoa saa tisa usiku mtaa mzima tunatoka na ndoo, mpaka mchungaji.

Kibatari: Nkuhungu usiniambie. Mwenye nyumba wangu tangu Serikali ihamie anadhani kila mpangaji ni katibu mkuu. Kodi miezi sita mkononi, na dirisha limezibwa na gunia.

Zabibu Chachu: Wa kwangu kapandisha tena treni ilipoanza. Nikamwuliza, mzee, SGR inapita chumbani kwangu?

Mzee wa Mpwapwa: Nina chumba Miyuji, miezi mitatu nakubali. Bila makelele.

Kibatari: Luku ya kujitegemea?

Mzee wa Mpwapwa: Ya kujitegemea. Choo cha nje.

Mleta mada: Jamani, tulikuwa tunazungumzia nyota.

Dereva wa Nzuguni: Mzee, bajaji inafika mpaka mlangoni au kuna korongo?

Mzee wa Mpwapwa: Inafika. Masika unashuka kwenye mwembe.

Mleta mada: Imetoka kwa mafuta ya taa, na ngozi kidogo. Mzee shikamoo tena, hicho chumba ni shilingi ngapi kwa mwezi?