Mgeni anataka kulisha samaki mkate na kuinua kiti cha pweza: nimkataze vipi?

Nahodha Mdogo (Matemwe)

Assalamu alaikum wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wote wa baharini. Mimi ni kijana wa Matemwe, nina boti ya mbao yenye mashine ya farasi 40, na huu ni msimu wangu wa pili wa kupeleka wageni kwenye mwamba wa matumbawe wa kisiwa kidogo cha Mnemba, jirani na kwetu hapa Unguja, kuogelea kwa miwani na mrija. Baba yangu alitega madema kandokando ya mwamba ule kabla eneo halijatangazwa kuwa hifadhi mwaka 2002, kwa hiyo mwamba ninaujua tangu sijaota ndevu. Wageni ndio sijawajua bado.

Karibu kila safari hakosi mgeni aliyetoka hotelini na vipande vya mkate vilivyobaki kwenye chai ya asubuhi, amevifunga katika karatasi, na tukifika tu anataka kuvirusha majini ili samaki wamzunguke apigwe picha. Wakati wa kurudi, tukisimama kwenye fungu la mchanga, wengine huokota kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, wakakiinua juu ya maji na kukipitisha mkono kwa mkono kama chetezo kwenye maulidi. Juzi nilimwomba bibi mmoja kwa adabu akirudishe, akanijibu kwamba watu wa boti ya jirani wote wamevishika na nahodha wao ndiye aliyewaokotea. Nikageuka kutazama, na ni kweli. Siku ile sikupata bakshishi hata senti, na wakala aliyenipa wageni wale hajanipigia simu tena.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, madhara ya mkate na ya kuinua kiti cha pweza ni yapi hasa? Nikisema tu kwamba hairuhusiwi mgeni haridhiki, na mimi mwenyewe nikiulizwa sababu sina jibu. Pili, nimkataze kwa maneno gani, na wakati gani, asije akajiona amefokewa katika safari aliyoilipia?

Mwalimu wa Viumbe (Dar es Salaam)

Wa alaikum salaam, ndugu Nahodha. Nitajibu la kwanza, kwa kuwa la pili wapo wanaolijua kuliko mimi.

Siku nyingine mkate ukitupwa, usiutazame mkate, watazame wanaoujia. Mara nyingi ni vile visamaki vyenye umanjano mgongoni na mistari mitano myeusi ya wima, ambavyo hula karibu kila kitu na havimwogopi mtu. Vinajaa, vinagombana, vinauma vidole, na samaki wenye haya hujitenga. Mgeni anaona samaki wengi na kudhani mwamba una afya, kumbe ameona aina moja au mbili tu zilizozoea kuombaomba.

Sasa wafikirie pono, kangaja na tasi, ambao kazi yao mwambani ni kula mwani. Ukizamisha kichwa na kutulia bila kupiga miguu, utamsikia pono kabla hujamwona: mdomo wake ulio kama wa kasuku unakwangua jiwe kwa sauti ya mtu anayetafuna bisi, na nyuma yake anaacha wingu la mchanga mweupe, maana jiwe alilolimeza hutoka limesagwa. Pale alipokwangua ndipo tumbawe changa linapopata pa kushika. Hili lina uzito zaidi katika bahari yetu kwa sababu ya joto. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani wa chembechembe ndani ya nyama yake. Mwani huo ndio unaompa sehemu kubwa ya chakula na ndio unaompa rangi, na maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa huutoa nje, akabaki mweupe. Akiwa mweupe hajafa, ila ana njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipauka hivyo na mengi yakafa, na mipauko mingine mikubwa ikafuata mwaka 2016 na 2024. Mwamba uliokufa hufunikwa haraka na mwani wa nyuzinyuzi, na kinachoupa nafasi ya kurudi ni hao wakwanguaji. Sisemi kwamba slesi moja itaua Mnemba. Ila boti ni nyingi na siku ni nyingi, na samaki aliyejazwa mkate hana haja ya kukwangua jiwe.

Kuhusu kiti cha pweza, yule mwekundu mwenye vinundu mnayemwona mchangani na kwenye majani bahari hana mapafu wala matamvua kama ya samaki. Hupumua kwa vijimiguu vidogo vilivyojaa upande wake wa chini, pamoja na vijinyama laini vinavyochomoza kwenye ngozi yake ya juu, na vyote hivyo vinahitaji maji yapite juu yake. Ukimtoa nje umemziba pumzi. Wapo waongozaji wanaowaambia wageni kwamba hufa papo hapo akiguswa. Tafadhali usiseme hivyo, kwa sababu mgeni akimwona anatambaa baada ya kurudishwa atakuona mwongo, na hatakuamini tena hata katika lile la kweli, yaani kwamba mnyama huyohuyo huinuliwa na watu wa boti ya kwanza, wa pili na wa kumi, asubuhi moja.

Mzee wa Dema (Unguja)

Mwanangu, tatizo lako ni kwamba unasema ukiwa umechelewa. Mgeni akishakuwa na mkate mkononi na samaki chini yake, hakuna lugha itakayomrudisha. Mimi niliacha madema nikawa nahodha wa wageni kwa miaka mingi, na nilijifunza kwamba maneno yote yasemwe ufukweni, kabla mguu wa mgeni haujalowa.

Ninawasimamisha kwenye kivuli, ninawaambia tunakwenda nyumbani kwa watu, kisha ninauliza kwa kicheko nani amebeba mkate. Daima yupo. Ninaupokea kwa mikono miwili, ninamshukuru, na tunaula sote na chai ya tangawizi wakati wa kurudi. Hajaona kwamba amekatazwa; ameona amechangia chai. Hapohapo ninamwambia kwamba kiti cha pweza tutakitazama kwa miwani, ndani ya maji, na kwamba yeyote atakayechoka asisimame juu ya mwamba bali aniite.

Hili la kusimama hukuliuliza, lakini linaniuma kuliko mkate. Tumbawe la duara, lile kubwa kama kiroba cha mchele, huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka, na mgeni asiyejua kuogelea vizuri hulikanyaga bila nia mbaya kwa sababu anaogopa. Nunua boya la duara, lifunge kamba ndefu, uingie nalo majini wewe mwenyewe au msaidizi wako. Mgeni mwenye kitu cha kushika hatafuti pa kukanyaga. Tena tazama maji: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, usimpeleke mtu juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa, kwa kuwa hata muogeleaji hodari atapiga matumbawe kwa mapezi yake. Na nanga uifunge kwenye boya la kuegeshea, au uitupe mchangani kabisa. Nimeona nanga ikiburuta matumbawe ya matawi kama reki kwenye majani makavu.

Halafu lazima umpe kitu badala ya mkate. Tafuta kinyozi. Ndivyo ninavyomwita mimi yule samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi ubavuni, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye hukaa mahali pamoja akingoja wateja. Akija chewa mkubwa, hupanua mdomo na kuzitanua shavu zake, na kinyozi huingia mdomoni humo kumtoa wadudu na vipande vya ngozi, akatoka mzima. Wengine hupanga foleni. Mweke mgeni mita chache kutoka hapo akiwa ameshika boya, mwambie asipige miguu, mhesabie dakika tano. Ninao wageni waliorudi mwaka wa pili wakiuliza kama yule kinyozi yuko bado.

Boti ya Tatu (Nungwi)

Kwa heshima zote, mzee wangu, haya ni mazuri kwa mwenye wageni wanne. Mimi ninapewa kumi na wawili kwa bei ya kutupa, nusu yao hawajui kuogelea, na wote wameona kwenye simu picha ya mtu ameshika kiti cha pweza. Wameilipia picha ile. Nisipowapa mimi, atawapa mwenye boti ya pili, na mkate wa watoto wangu ndio utakaopungua.

Dada wa Shimoni (Kwale)

Ndugu zangu wa Unguja, salamu kutoka ng'ambo. Ninamwelewa sana Boti ya Tatu, na nadhani waliomtangulia wamemtwika kijana mmoja kazi ambayo ni ya ufukwe mzima. Adabu ya nahodha mmoja haiwezi kushindana na bei ya boti kumi na nne.

Huku Kenya tuna hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, zilipotangazwa za Malindi na Watamu, na Kisite tunakopeleka wageni ina askari wake, lakini nisiwadanganye, askari hawezi kuwa kwenye kila boti. Kinachosaidia ni wenyewe kwa wenyewe kukubaliana. Mfano ninaoupenda ni wa Kuruwitu, Kilifi, ambako wavuvi walikubaliana miaka ya 2000 kufunga sehemu ya bahari yao wenyewe, kama hekta 30, kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha. Hawakuwa matajiri, na walikuwa na watoto wa kulisha kama Boti ya Tatu. Kwenu pia hifadhi ya kisiwa cha Chumbe imefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994, na walinzi wake wa mwanzo walitoka miongoni mwa wavuvi. Tena pale vyumba vya wageni ni saba tu, na kupiga mbizi kwa mitungi hakuruhusiwi. Idadi ndogo ndiyo bidhaa yao, na wanaiuza ghali.

Katika kisiwa cha Wasini, akina mama wamejenga njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe ya kale na mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, hutembea juu, na hakanyagi kitu. Ninaitaja kwa sababu hakuna mtu anayesimama pale kumkemea mgeni. Mbao zenyewe zimeshamwambia apite wapi.

Jambo dogo la mwisho kutoka kwangu ni mafuta ya jua. Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazohofiwa kudhuru matumbawe, ikaanza kutumika mwaka 2021, na Palau ilitangulia kuyapiga marufuku mwaka 2020. Joto la bahari ni adui mkubwa zaidi, sibishi, lakini fulana ya mikono mirefu ni rahisi, na sisi tunaziazimisha bure. Mgeni aliyevaa fulana haungui mgongo, hakulalamikii jioni, na bakshishi yake huwa nzuri.

Mwalimu wa Viumbe (Dar es Salaam)

Ninaunga mkono hoja ya Dada wa Shimoni, na ninamjibu Boti ya Tatu kwa mfano wa jirani. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, waliona kwamba boti za wageni zinapowazunguka, pomboo hupunguza kupumzika, kula na kuchangamana, na muda wao mwingi huenda katika kusafiri tu. Yaani kila nahodha anayewakimbiza ili mgeni wake aone zaidi, anamfundisha pomboo kuondoka. Kosa si la boti moja, na hakuna boti moja inayoweza kuliondoa.

Nahodha Mdogo (Matemwe)

Wakubwa zangu, nimekawia kurudi kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza. Wiki iliyopita nilikuwa na wageni watano, na nilisema yote ufukweni kama Mzee alivyoelekeza. Mikate ilikuwa mitatu, nikaipokea. Boya nimeazima kwa mjomba, kamba nimenunua.

Kinyozi nilimtafuta nusu saa. Nilikuwa nimempita maisha yangu yote bila kumtazama. Nilimkuta penye jiwe ambalo baba alikuwa akitega dema karibu yake, na aliyekuwa akihudumiwa alikuwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, kichwa nje ya shimo, mdomo wazi, kinyozi akiingia na kutoka. Mgeni mmoja alikataa kusogea, akasema mkunga atamuuma. Wengine wanne walikaa hadi midomo ikabadilika rangi kwa baridi. Kwenye fungu la mchanga kijana mmoja bado aliokota kiti cha pweza, na kabla sijafungua mdomo mwenzake alimwambia akirudishe. Bakshishi ilikuwa ya wastani.

La makubaliano ni gumu zaidi. Tulikaa manahodha kumi na mmoja chini ya mti wa mkungu baada ya Alasiri, tukazungumza kuhusu mkate, nanga na kiti cha pweza. Saba walikubali, watatu walisema watafikiri, na mmoja aliondoka kabla ya chai. Boti ya Tatu, kama unakuja huku kwetu Ijumaa ijayo, tunakutana tena palepale, na suala la kwanza tutakalozungumza ni bei.