Wiki ya darasani: ndani ya Moodle, kwenye seva yetu wenyewe, au Wikipedia?

Mhadhiri wa Isimu
Ndugu walimu, muhula ujao nitafundisha utangulizi wa isimu kwa wanafunzi wapatao 60, na ningependa waandike kwa pamoja kamusi ya istilahi ambamo kila istilahi itakuwa na ukurasa wake wenye fasili, mifano na viungo vya kuelekea istilahi jirani. Njia ninazozifikiria ni nne: wiki (yaani tovuti ambayo watumiaji wenyewe huihariri kwa pamoja) iliyomo ndani ya Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, wiki itakayowekwa kwenye seva ya idara, Wikipedia yenyewe, au kuachana na wiki na kutumia waraka wa pamoja wa Google Docs. Waliokwisha kuzijaribu wanilinganishie hasa katika mambo mawili: nitajuaje nani kafanya nini, na kazi itabaki wapi muhula ukiisha.

Mwalimu wa Baiolojia
Nimetumia ya Moodle kwa mihula mitatu. Faida yake kubwa ni kwamba wanafunzi wamo tayari, hakuna kusajili mtu upya, na makundi uliyoyaunda katika kozi yanaweza kupewa kila moja wiki yake. Historia ya ukurasa huonyesha aliyehariri, lini, na tofauti iliyopo kati ya toleo na toleo. Hata hivyo, mwanafunzi anapofungua ukurasa ili auhariri, ukurasa hufungwa kwa wengine mpaka amalize, jambo ambalo halina madhara siku za kawaida lakini huzaa malalamiko mengi usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Jambo jingine ni kwamba wiki hiyo haina mahali pa kuingizia alama, hivyo itakubidi ufungue zoezi la pembeni kwa ajili hiyo. Na kozi ikifungwa, wiki nayo hufungwa pamoja nayo.

Msimamizi wa Seva
Kwenye seva ya idara mna uchaguzi wa pili ndani ya uchaguzi, baina ya programu mbili za wiki. MediaWiki, ambayo ndiyo inayoendesha Wikipedia, ina ukurasa wa majadiliano nyuma ya kila ukurasa na orodha ya michango ya kila mtumiaji, kwa hiyo swali lako la kwanza hujibiwa kwa mbofyo mmoja. Lakini inahitaji hifadhidata, inahitaji mtu wa kuisasisha, na haikuundwa kwa ajili ya kuficha baadhi ya kurasa zisisomwe na baadhi ya watu. DokuWiki huhifadhi kurasa kama mafaili ya maandishi matupu bila hifadhidata yoyote, nakala ya akiba hupatikana kwa kunakili folda, na ruhusa za kusoma na kuandika zinaweza kupangwa kwa kila sehemu. Kwa darasa la watu 60 ningechagua hiyo ya pili bila kusita. Utakayoichagua, zuia watu wa nje wasijisajili wenyewe, la sivyo kurasa zitajaa matangazo ya biashara kabla wanafunzi hawajaandika neno.

Nawasihi pia msitegemee huduma ya bure ya mtu mwingine pasipo nakala. Wikispaces ilipendwa sana na walimu, na ilipofungwa mwaka 2018 kila aliyekuwa na kazi humo alilazimika kuihamisha.

Mkutubi
Kuhusu Wikipedia nitasema kidogo. Kanuni zake zinataka kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, haziruhusu utafiti mpya wa mwandishi mwenyewe, na zinasema wazi kwamba Wikipedia si kamusi, kwa hiyo kurasa zenye fasili tupu zitafutwa. Alichoandika mwanafunzi hutolewa kwa leseni huria isiyoweza kubatilishwa, na mhariri asiyemjua anaweza kukifuta dakika ileile, hivyo haitakuwa haki alama zitegemee kama maandishi yake yamesalia. Ni zoezi zuri sana la kufundisha matumizi ya vyanzo, ila silo hilo uliloliomba.

Mwalimu wa Uandishi
Naona tunalinganisha vyombo kabla ya kuuliza kazi yenyewe ni ipi. Kama unachotaka ni kamusi tu, Moodle ina moduli ya faharasa ambayo inaweza kuunganisha istilahi yenyewe popote inapotajwa katika kozi, na mwalimu akitaka anaweza kuidhinisha kila ingizo kwanza. Kasoro yake ni kwamba fasili hubaki mali ya aliyeiandika, na wenzake hawaigusi. Wiki ina maana pale tu unapotaka wagusiane kazi, na hapo ndipo nilipojikwaa mimi. Mara ya kwanza niliwapa wanafunzi wangu kurasa 12 za kuandika pamoja. Wakagawana, kila mmoja akaandika wake kwenye programu ya kawaida ya uandishi, akaubandika usiku wa mwisho, na historia ikaonyesha hariri moja moja. Walikuwa na wiki, lakini walichofanya ni insha 12. Nilipowauliza, walisema ni utovu wa adabu kufuta sentensi ya mwenzako.

Muhula uliofuata nikatoa alama kwa idadi ya hariri, na hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi, kwani walihamisha mikato huku na huko ili wajaze hesabu. Sasa kila mwanafunzi huchagua hariri tatu alizozifanya kwenye kurasa za wengine, huniletea viungo vya matoleo hayo, na huandika aya moja kueleza kwa nini alibadilisha alichobadilisha. Ninasoma hariri 3 badala ya 300, na uoga wa kugusa kazi ya mwenzake hupungua kwa kuwa sasa ndiyo kazi aliyoagizwa.

Kwa somo lako, anza na ukurasa wa ngeli. Mmoja ataziainisha kwa viambishi vya nomino, mwingine atasema kigezo ni upatanisho wa kisarufi, na ubishi wao utahitaji ukurasa wa majadiliano. Google Docs haikufai hapo: ni nzuri kwa watu wachache wanaoandika waraka mmoja kwa wakati mmoja, lakini kamusi ya kurasa nyingi zenye viungo itageuka mkeka mrefu usio na mwisho.

Mhadhiri wa Isimu
Nimeshukuru. Mfano wa ngeli umeniamulia, maana mimi mwenyewe na mwenzangu wa ofisini hatujakubaliana juu yake. Nitachukua DokuWiki, usajili ukiwa umefungwa, na alama kwa hariri tatu zenye maelezo. Msimamizi, naona DokuWiki haiji na kurasa za majadiliano: je, kuna kiongezi (programu ndogo ya kuiongezea uwezo) unachokiamini, au nifungue tu ukurasa wa pili kwa kila istilahi?

Msimamizi wa Seva
Kiongezi kipo, lakini kwa muhula wa kwanza fungua ukurasa wa pili. Utakuwa na historia yake kama kurasa nyingine, na utaweza kuutumia kama ushahidi wa alama.