Tahadhari ya maafa kwa viziwi na wasioona

Swali: Kamati yetu ya maafa hutegemea king'ora na ujumbe mfupi wa simu. Je, viziwi na wasioona tuwafikieje?

Jibu: Tahadhari itolewe kwa sauti, maandishi, mtetemo na mwanga unaomulika kwa pamoja, kwa kuwa king'ora hakimwamshi kiziwi aliyelala, na ramani iliyotumwa kama picha isiyo na maelezo ya maandishi haisomwi na programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona maandishi ya simu kwa sauti.

Jibu: Naafiki, ila umeme na mtandao huweza kukatika mapema, hivyo kila mhitaji apangiwe majirani wawili wa kumfuata. (Orodha ya wahitaji hao ilindwe, ikivuja, wezi watajua pa kuvamia.)

Jibu: Kifungu cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, kinazitaka nchi wanachama kuwalinda wakati wa maafa. Wawemo katika kamati yenyewe.