Setilaiti yetu ya kwanza: ipande roketi mpya au isubiri foleni?

FundiDishi_Ngarenaro
Wakuu, heshima kwenu. Serikali ilishasema ina mpango wa setilaiti ya nchi. Tuseme imeshatengenezwa, bado kurushwa tu. Kuna roketi mbili. Moja imeruka safari mamia, ila foleni yake ndefu. Nyingine ndiyo kwanza inatoka kiwandani, bei ya kutupa, na nafasi wanakupa mwakani. Ungekuwa wewe ndiye mwenye kalamu, ungesaini wapi? Mimi nasubiri. Ariane 5 safari yake ya kwanza kabisa, Juni 1996, haikumaliza hata dakika, ikapasuka na setilaiti nne za utafiti, za Cluster, tumboni. Programu ya kuiongoza waliitoa Ariane 4, hawakuipima kwa mwendo wa roketi mpya. Vipya wajaribu wenye haraka. Ndiyo maana basi jipya likija, mangi wa Moshi anamwacha chalii wa Arusha alipande kwanza, akifika salama ndipo na yeye anakata tiketi, tena kwa kuomba apunguziwe.

Kibo_Magharibi
Nilikuwa nasoma vizuri mpaka nilipofika mwisho. Wazee wetu walikuwa na chama cha wakulima wa kahawa tangu 1925, chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata 1933. Arusha wakati huo mlikuwa mnajaribu nini, mkuu?

ChaliiWaSakina
Tulikuwa tunajiandaa kumpeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya Wameru, 1952. Hakusubiri mtu wa Moshi atangulie. Endelea.

MamaJosee
Hee, mmeshafika 1952! Mada ni roketi jamani. Mimi naona jibu liko katikati: kipya kibebe mawe kwanza. Roketi ya Falcon Heavy 2018 ilibeba gari la mwenye kampuni, lingepotea hakuna wa kulia. Wajapani hawakufanya hivyo na H3 yao, Machi 2023, wakapoteza setilaiti ya maana. Safari ya pili wakapakia uzito wa kuigiza, ikafika. Akili ilikuja baada ya hasara.

Kibo_Magharibi
Dada, mawe nayo yanasafirishwa kwa hela. Nani analipa?

MamaJosee
Mwenye roketi. Ukifungua mgahawa, sufuria ya kwanza ya ndizi hulipishi watu.

Kibo_Magharibi
Moshi unalipishwa.

ChaliiWaSakina
😂 Amekiri mwenyewe.

Bima_BomaNgombe
Nichangie kidogo, kazi yangu ni bima (magari na nyumba, roketi nasoma tu). Mnasahau jambo moja. Nafasi ya setilaiti kule juu inaombwa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, na ukishaanza kuomba una miaka 7. Ikipita hujaweka kitu, haki yako imekwenda. Kwa hiyo "nasubiri" ya FundiDishi nayo ni hatari. Na bima inarudisha pesa, hairudishi muda. Ya Nigeria ilirushwa 2007, ikafa 2008, mbadala ukapanda Desemba 2011. Roketi haikuwa na kosa pale, lakini angalia miaka iliyopita hapo katikati.

FundiDishi_Ngarenaro
Mtu wa bima leo anasema bima haitoshi? Siku ya kukata mnasema inatosha kila kitu. Mimi paa langu liling'oka na upepo nikaambiwa upepo ule haumo kwenye mkataba.

Bima_BomaNgombe
Sikukukatia mimi, kaka. Ulisoma mkataba?

FundiDishi_Ngarenaro
Maandishi yale hata mchwa hawezi kuyasoma.

Msafiri_KCMC
Kuhusu iliyozoeleka ndiyo salama: ile setilaiti ya AMOS-6 waliyotaka Facebook kuleta intaneti Afrika ililipuka angani na Falcon 9, na roketi ilikuwa imeruka sana tu.

ChaliiWaSakina
Haikulipuka angani. Ilikuwa chini, Septemba 1, 2016, wanajaza mafuta kujaribu injini, siku mbili kabla ya kurushwa. Setilaiti waliiacha juu yake ili kuokoa muda. Baada ya hapo wakaacha kupandisha mzigo wa mteja kabla ya jaribio lile. Roketi inaweza kuwa mzee na haraka ikawa mpya. Na Zuckerberg mwenyewe siku hiyo alikuwa huku Afrika, fikiria.

Msafiri_KCMC
Angani au chini, imeungua.

ChaliiWaSakina
Tofauti ipo! Bima ya kurusha haikuwa imeanza. Muulize huyo wa Boma.

Bima_BomaNgombe
Nimeshaambiwa maandishi yetu hata mchwa hawezi kuyasoma. Nimenyamaza.

Kibo_Magharibi
Sasa nijibu mada, msije mkasema Moshi hatuna hoja. SES, kampuni ya setilaiti ya Luxembourg, walipanda Falcon 9 Desemba 2013, kabla yao haikuwahi kupeleka setilaiti ya biashara kwenye njia ya mbali kule juu, zinakokaa setilaiti za mawasiliano. Machi 2017 wakarudi, safari hii kwa roketi ya mtumba, iliyokwisharuka mara moja. Wa kwanza duniani. Ukienda soko la mitumba la Memorial alfajiri bela inapofunguliwa unapata kitu kizuri kwa bei ndogo. Ukija saa sita unakuta soksi. Anayewahi anajua anachofanya, si kwamba ana haraka.

FundiDishi_Ngarenaro
SES wana setilaiti makumi. Ikifa moja wanakunywa chai. Sisi ni moja tu. Mwenye kuku mmoja hamjaribii dawa mpya.

MamaJosee
Hapo FundiDishi kasema.

Kibo_Magharibi
Kasema kwa kuku. Bado hajaomba radhi kwa basi.

Msafiri_KCMC
Kwenye basi namuunga mkono. Desemba juzi nilipanda jipya, mpaka nailoni za viti hazijatolewa. Likazima Mombo. Tumelala pale, watoto wanalia, kondakta anasema fundi wake hajalizoea bado. La zamani lililotoka nyuma yetu likapita linapiga honi.

ChaliiWaSakina
Hiyo honi ndiyo inauma.

Msafiri_KCMC
Mpaka leo naisikia.

FundiDishi_Ngarenaro
Tukiwa hapo hapo, niko Dar kikazi. Kuna mwenye kujua pa kupata tiketi ya kupanda huko tarehe 22?

Kibo_Magharibi
Zimekwisha tangu mwezi uliopita. Nasikia kuna moja jipya linaanza safari siku hiyo hiyo, hilo bado lina nafasi.

FundiDishi_Ngarenaro
Nauli shilingi ngapi?